Theluji ya Monet ikiharibika ukutani: dalili, chanzo na tiba

Nakala ya picha ya theluji ni ngumu kuitunza kwenye fremu kuliko nakala nyingine yoyote. Picha ya soko au ya msitu ina rangi nyingi za kufichia kasoro. Ya theluji, nusu yake au zaidi ni weupe, na mashine nyingi za kuchapa hazina wino mweupe kabisa. Pale mchoraji alipopaka rangi nyeupe nzito kwa brashi, mashine huiacha karatasi tupu au hunyunyiza wino kidogo mno. Theluji unayoiona ukutani kwako, basi, ni karatasi yenyewe. Karatasi ikigeuka njano, theluji nayo imegeuka njano. Kioo kikiwa na ukijani, theluji ndiyo itakayosema kwanza.

Jambo jingine la kujua kabla hujashika koleo ni kwamba wachoraji wenyewe hawakuchora theluji nyeupe. Claude Monet, Camille Pissarro, Alfred Sisley na Gustave Caillebotte, wachoraji wa karne ya 19 wa kundi la Waimpresionisti, waliitazama theluji ya Ufaransa na kuona kwamba inaazima rangi kutoka kila kitu kinachoizunguka: mbingu, jua la jioni, ukuta wa nyumba, moshi. Kwa hiyo hatua ya kwanza kwa tatizo lolote hapa chini ni kufungua tovuti ya makumbusho yenye picha halisi, kuiweka simu kando ya nakala yako, na kuuliza kama kinachokusumbua hakimo pia kwenye kazi ya mchoraji.

Vivuli ni vya buluu

Lalamiko hili hurudi mara kwa mara, na mara nyingi picha haina kosa lolote. Chukua La Pie, ambayo Monet aliichora majira ya baridi ya 1868 kuingia 1869 karibu na Étretat, kwenye pwani ya Normandie. Upande wa kushoto pana kilango cha miti, na juu yake ametua ndege wa jamii ya kunguru, mweusi mwenye meupe. Jua linatokea nyuma ya ua, kwa hiyo kivuli cha ua kimelala juu ya theluji kuja upande wa mtazamaji, na kivuli hicho ni cha buluu inayoingia urujuani. Hata sehemu zilizopigwa na jua si nyeupe. Zina krimu na waridi hafifu. Salon, maonyesho rasmi ya Paris, iliikataa picha hii mwaka 1869. Leo iko kwenye makumbusho ya Musée d'Orsay, Paris, na buluu ile ndiyo roho yake. Mchapaji akiiondoa ili "kuisafisha" picha, amekuchapia picha nyingine.

Kasoro ya kweli ina sura tofauti. Picha nzima huwa ya kibuluu: miti iliyokuwa ya kahawia imekuwa kijivu, na ule ukrimu wa jua umetoweka. Sababu nyepesi ni balbu. Balbu nyingi za LED madukani ni za Kelvin 6500, mwanga mweupe wa kibuluu unaoua rangi zote za joto. Sababu nzito ni wino kufifia. Mwanga hauli rangi zote kwa kasi moja, na kwenye wino wa bei nafuu rangi za joto zinaweza kutangulia kuondoka, zikabakiza buluu.

Namna ya kupima: laza fremu kifudifudi juu ya taulo, kata utepe wa nyuma kwa wembe, ng'oa misumari midogo kwa koleo na utoe ubao wa mgongo. Kisha inua maunti, yaani ile kadi inayoizunguka picha kwa mbele. Pembeni mwa nakala patakuwa na ukanda mwembamba uliojificha chini ya maunti miaka yote. Linganisha ukanda huo na sehemu iliyokuwa wazi. Ukiona mpaka, upande mmoja una joto na mwingine umepauka, wino umekwenda na hakuna dawa ya kuurudisha. Utachapa upya kwa wino wa pigimenti, ambao huvumilia mwanga muda mrefu zaidi kuliko wino wa rangi iliyoyeyushwa, na picha utaihamisha kutoka ukuta unaopigwa na jua la dirishani. Kioo cha kuzuia miale ya urujuanimno (UV) husaidia, ila hakizuii yote. Mwanga wa kawaida nao hufifisha. Jua letu la karibu na ikweta halimwonei huruma mtu aliyetundika picha mkabala na dirisha la mashariki.

Theluji imekuwa njano

Hapa anza na yasiyogharimu kitu. Beba picha uipeleke mlangoni saa nne asubuhi, kivulini, si juani. Theluji ikirudia weupe wake, tatizo ni la chumba. Balbu ya Kelvin 2700 hupaka kila kitu rangi ya asali, na ukuta wa krimu nzito au zulia jekundu hurushia picha rangi yake. Weka balbu ya Kelvin 4000 yenye alama ya CRI au Ra 90 kwenda juu, yaani kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi kwa uaminifu. Namba hizo huandikwa kwenye boksi. Nimeona watu wakiirudisha picha kwa fundi mara mbili kabla mtu hajawaambia wabadilishe balbu.

Ikiwa mlangoni bado ni njano, fungua fremu. Angalia ukingo wa maunti pale ulipokatwa mshazari kuizunguka picha. Ukingo wa kadi nzuri hubaki mweupe. Wa kadi ya bei rahisi, iliyotengenezwa kwa massa ya mbao yenye asidi, huwa kahawia kama chai, na mara nyingi utakuta mstari wa kahawia umehamia kwenye nakala yenyewe, ukiufuata ukingo huo pande zote nne. Kisha geuza nakala. Iwapo nyuma yake palikuwa na hadibodi iliyoigusa moja kwa moja, utaona mabaka ya kahawia yaliyopenya kutoka nyuma kwenda mbele. Kadi na ubao unaweza kuvibadilisha leo hii: maunti isiyo na asidi, na kati ya nakala na hadibodi kadi nyingine isiyo na asidi. Kahawia iliyokwisha kuingia kwenye karatasi haitatoka. Usijaribu kuifuta kwa dawa ya kung'arishia nguo. Utayeyusha wino na kubaki na shimo jeupe katikati ya Normandie.

Kuna chanzo kingine ambacho hata mafundi wengi hawakifikirii. Karatasi zinazouzwa kama "nyeupe sana" hutiwa kemikali za kung'arisha, ambazo hunyonya miale ya urujuanimno isiyoonekana na kuitoa kama mwanga wa kibuluu. Siku za mwanzo theluji huwaka kweli. Kemikali hizo huchoka taratibu kwa mwanga na hewa, kisha karatasi hurudi kwenye rangi yake ya asili, ambayo ni manjano kidogo. Kipimo chake unakijua kutoka dukani: ile tochi ya kukagulia noti bandia. Mulika gizani. Karatasi yenye kemikali hizo itang'aa kibuluu. Ukanda uliokuwa umefichwa na maunti ukiwaka kuliko sehemu iliyokuwa wazi, umempata mhalifu. Safari ijayo omba karatasi ya pamba isiyo na kemikali hizo. Itaanza na weupe wa utulivu zaidi, kisha itabaki hapo.

Pengine pia faili lilikuwa njano tangu mwanzo, hasa lililopigwa skani kutoka kitabu cha zamani, au picha iliyopigwa kabla mchoro wenyewe haujaondolewa vanishi iliyozeeka. Makumbusho tena ndiyo mwamuzi. Na kumbuka kuna theluji ambazo Monet alizitaka ziwe za moto. Art Institute of Chicago ina picha sita za mfululizo wake wa matita ya ngano, mojawapo ikiwa ya matita kwenye theluji wakati wa machweo, 1890 hadi 1891, ambapo theluji imejaa waridi na machungwa. Aliyeinyoosha rangi hiyo iwe nyeupe amelizima jua.

Mistari imepita uwanjani

Mwenye nakala ya Gelée blanche ya Pissarro, ya 1873, anaweza kudhani mashine ilikwama. Shamba limefunikwa na sakitu, mtu mmoja anapandisha njia na mzigo wa kuni mgongoni, na mikanda ya kivuli inakata matuta. Ni vivuli vya miti ambayo haimo kwenye picha. Imesimama nje ya fremu. Picha ilipoonyeshwa Paris mwaka 1874, kwenye maonyesho ya kwanza ya kundi la Waimpresionisti, mkosoaji Jules-Antoine Castagnary alimlaumu Pissarro kwa jambo hilohilo. Usimlaumu mchapaji kwa lililomkera Castagnary.

Mistari ya mashine ina tabia zake. Imenyooka sawasawa na ukingo wa karatasi, nafasi kati yake ni ileile, na haibagui: inapita mbinguni, mtini na juu ya mtu bila kujali. Ukiiona hiyo, sindano za wino ziliziba au karatasi ilisukumwa vibaya. Nakala hairekebishiki, na una haki ya kudai nyingine. Theluji na mbingu ya kijivu ndizo zinazoionyesha mistari hiyo zaidi, kwa sababu wino ni mwepesi na eneo ni pana.

Theluji ni tupu, haina brashi

Ukisogea hadi urefu wa mkono unapaswa kuona mapigo ya brashi ndani ya weupe: mengine mapana, mengine mafupi yenye kijivu au lilaki. Ukikuta bapa moja la weupe lisilo na kitu, mtu aliongeza mwanga au mkazo wa picha hadi weupe wote ukaungana. Hutokea kwa nia njema: mhudumu anaona picha "imefifia" na anabonyeza kitufe cha kurekebisha. Snow Scene at Argenteuil ya Monet, ya 1875, iliyoko National Gallery ya London, huumizwa sana hivi. Karibu yote ni kijivu cha kibuluu, mchana wa mawingu mazito, watu wachache wakitembea barabarani. Rekebisha "ufifio" wake na umebaki na barabara na madoa meusi.

Chanzo cha pili ni faili dogo. Hesabu ni rahisi: gawa upana wa sentimita kwa 2.54, zidisha kwa 150 kwa kanvasi au 300 kwa karatasi itakayotazamwa karibu. Nakala ya upana wa sentimita 60 inahitaji pikseli zipatazo 3,540 kwa kiwango cha kwanza, na 7,090 kwa cha pili. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp imekwisha kubanwa. Itatoa theluji ya vibokisi. Monet alifariki 1926, na wenzake watatu niliowataja walimtangulia, kwa hiyo hakimiliki za michoro hii zimekwisha. Art Institute of Chicago na Metropolitan Museum of Art ya New York huruhusu kupakua bure mafaili makubwa ya kazi za aina hii walizonazo.

Picha imekatwa

La Pie ina kimo cha sentimita 89 na upana wa 130. Ukiitia kwenye fremu ya dukani ya 60 kwa 80, mtu lazima akate upana unaolingana na sentimita 11 za mchoro halisi, na kwa kawaida hukata upande wa ndege. Fremu ya 60 kwa 90 inaikaribia vizuri. Neige à Louveciennes ya Sisley, ya 1878, imesimama wima, 61 kwa 50.5, kwake fremu ya 40 kwa 50 inafaa, ya 40 kwa 60 inaua kuta za kichochoro. Kama fremu umeshainunua, ziba tofauti kwa maunti iliyokatwa kwa kipimo. Kuivuta picha ienee ni kosa baya kuliko kuikata. Hakikisha pia haijageuzwa kama kwenye kioo cha kujitazamia: ndege wa La Pie akiwa kulia, rudisha.

Nakala ni nzuri lakini theluji inaonekana chafu

Tatizo hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu kila mtu alifanya kazi yake vizuri isipokuwa aliyechagua maunti. Kadi nyeupe pe kandokando ya theluji ya krimu na lilaki huigeuza theluji kuwa nguo isiyofuliwa. Jicho huchukua weupe mkali kuliko wote kama kipimo, na vilivyobaki huvihukumu kwa huo. Nunua kadi mbili tatu za majaribio: krimu hafifu, kijivu chenye joto kidogo, kijivu cha mawe. Kata vipande, vishike pembeni ya nakala kwenye mwanga wa chumba itakamotundikwa. Kadi sahihi ni ile inayoifanya sehemu angavu kuliko zote za theluji ionekane inatoa mwanga.

Utaambiwa kwamba Pissarro alitumia fremu nyeupe. Kweli, yeye na mchoraji mwenzake Edgar Degas walizionyesha mwaka 1877. Lakini weupe wa siku zile haukuwa na kemikali ya kung'arisha, na ndani yake palikuwa na rangi ya mafuta, si karatasi.

Karatasi ina mawimbi

Karatasi hunyonya unyevu na kutanuka. Ikiwa imegandishwa kwa selotepu pande zote nne, haina pa kwenda, inajikunja. Kwa tunaoishi Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Unguja hili huja na msimu wa mvua kama ratiba. Fungua, toa utepe bila kuvuta kwa nguvu, laza nakala kati ya karatasi safi zinazonyonya, weka ubao na vitabu vizito juu, uiache siku kadhaa chumba kikiwa kikavu. Ukiirudisha, ishikize upande wa juu tu, kwa bawaba mbili ndogo za karatasi nyembamba na gundi ya wanga wa ngano, ining'inie huru.

Mvuke, madoa na koga

Vidoa vya kahawia vilivyotawanyika, utando wa kijivu au nyuzinyuzi nyeupe kwenye kona: unyevu umekaa ndani. Kuvu hupata nguvu pale unyevunyevu wa hewa unapobaki juu ya asilimia 65 hadi 70 kwa muda. Tafuta chanzo ukutani kabla ya kulaumu fremu: bafu upande wa pili, bomba linalovuja, ukuta wa nje usiokauka. Kisha tazama kama nakala iligusana na kioo. Lazima pawe na nafasi, ya maunti au ya vipande vyembamba vilivyofichwa chini ya ukingo wa fremu. Bandika pia vizibo vya mpira vya milimita 5 kwenye kona mbili za chini nyuma ya fremu, hewa ipite kati yake na ukuta.

Koga kavu ipanguse nje ya nyumba kwa brashi laini, umevaa barakoa, baada ya nakala kukauka kabisa. Usitumie kitambaa chenye maji. Na nakala iliyoganda kwenye kioo usiivute. Itaacha ngozi yake pale. Kama ni nakala ya kawaida, ni heri kuchapa nyingine kuliko kupoteza jioni nzima.

Kanvasi imelegea, pembe zimeachana

Nyuma ya kanvasi iliyotengenezwa vizuri kuna nafasi za kabari ndogo kwenye kona. Zigonge taratibu, kila moja kidogo kidogo kwa zamu, hadi kanvasi ikaze. Ikiwa hazipo na imepigwa pini tu kwenye mbao mbichi, itabidi ing'olewe na kuvutwa upya kwenye fremu ya ndani iliyokauka. Mbao mbichi ndiyo pia inayoachanisha pembe za fremu ya nje. Gundi ya mbao na kibano vitazirudisha iwapo mbao haijapinda. Unga laini ukidondoka chini ya fremu na matundu madogo yakionekana, ni wadudu wanaokula mbao: toa picha mara moja na uiweke fremu mbali na samani nyingine.

Ukiamua kuchapa upya

Mweleze mchapaji kwa maandishi, si kwa mdomo. Ujumbe kama huu unatosha: "Fundi, naomba uchape faili hili kama lilivyo. Usiongeze mwanga, usisawazishe weupe, usikate. Karatasi iwe ya pamba, isiyo na king'arishi, wino wa pigimenti. Theluji si nyeupe kwenye picha halisi, na vivuli vya buluu viachwe. Kabla ya kuchapa nzima, nichapie ukanda wa sentimita 10 wenye theluji angavu kuliko zote na kivuli kizito kuliko vyote." Ukipata ukanda huo, utazame mchana mlangoni, kisha usiku chini ya balbu yako mwenyewe. Kama mapigo ya brashi yanaonekana ndani ya weupe mara zote mbili, mwambie aendelee.